Bunduki Alizotuachia Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alifariki mwaka uleule ambao kiwanda cha magari alichofanyia kazi mume wangu kilifungwa. Kiwanda kilitangulia. Wanaume waliokuwa wamezeeka kwenye mashine zile walitoka langoni wakiwa na vikombe vyao vya chai ndani ya mifuko ya plastiki, na mume wangu alikuwa mmoja wao. Mzee akafuata kabla baridi haijaanza.

Mzee alikuwa Singasinga wa Nakuru. Sisi wa Nakuru tulizoea kusema Kalasinga, na yeye mwenyewe alijiita hivyo kwa kicheko. Huko alikuwa na karakana ya kutengeneza bunduki za walowezi na za askari wa wanyamapori. Mitutu mingi aliyoishika ilikuwa na mihuri ya Birmingham, basi alipoamua kuhama Kenya alisema kwamba mji uliotengeneza bunduki zile zote hauwezi kumnyima kazi. Haukumnyima. Alifanya kazi katika kiwanda cha bunduki karibu na katikati ya mji hadi alipostaafu.

Mimi ni binti wa mfanyakazi wa reli, Mkenya mweusi, na nilikutana na mume wangu aliporudi Nakuru kutembea. Mzee hakuja harusini kwetu. Miaka ya kwanza hakukanyaga nyumbani kwetu Hodge Hill, hapa Birmingham, na mimi sikulazimisha. Alipozaliwa binti yetu wa kwanza, nilifungua mlango asubuhi moja nikamkuta amesimama pale na kilemba chake cheupe, ameshika mfuko wa machungwa. Akaniambia, “Mimi nakuja kuona mtoto. Chai iko?” Hicho ndicho Kiswahili chake, Kiswahili cha karakana, na tangu siku hiyo tulizungumza lugha hiyo naye. Mume wangu na mimi pia tulikuwa tunaongea Kiswahili. Kipunjabi changu kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Watoto walituelewa sote na kutujibu kwa Kiingereza.

Bunduki alianza kuzikusanya baada ya kustaafu. Alizinunua minadani zikiwa zimeoza: za mitutu miwili, za marisau, za kuwindia ndege, zile ambazo mabwana wa Kiingereza walirithi kwa babu zao na kuziacha zishike kutu. Alizipeleka kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba na kukaa nazo miezi. Zilipotoka zilikuwa zinang’aa kama sufuria mpya. Alikuwa na leseni, na mume wangu naye alikuwa na yake, kwa sababu Jumapili nyingine walikwenda mashambani pamoja kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Kila alipomaliza bunduki moja, Mzee aliniita nije niione. “Hii ndiyo shamba yenu,” aliniambia. “Mimi nikienda, nyinyi mtauza, mtakaa kama wakubwa.”

Tulimwamini. Nani angebisha? Mtu aliyekaa na bunduki maisha yake yote, katika mji wa bunduki, angekosea bei yake?

Baada ya mazishi, kabati la chuma likahamishiwa kwetu na kufungwa kwa boliti kwenye ukuta wa chumba kidogo cha juu. Kabatini mlikuwa na bunduki kumi na moja. Askari mwanamke kutoka ofisi ya leseni alikuja kulikagua. Alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti ya upole. Alitikisa kabati, akauliza ufunguo unakaa wapi, akanitoa nje ili mume wangu amwonyeshe, kwa sababu sheria ya hapa haitaki hata mke ajue ufunguo ulipo kama hana leseni. Nilitoka nikacheka peke yangu kwenye ngazi. Nilidhani ni jambo la kuchekesha.

Mpango wa mume wangu ulikuwa kufungua gereji. Alikuwa amekwishaona mahali, chini ya matao ya reli, na alikuwa na mwenzake wa kiwandani ambaye angeingia naye. Kazi nyingine hakutaka kuitafuta. Alipewa nafasi ya kupanga mizigo kwenye ghala akakataa. Alisema hawezi kuanza kitu leo akakiacha mwezi ujao. Mimi nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee kule Kings Heath, na nikaomba zamu zaidi. Nilipanda basi la kumi na moja, lile linalouzunguka mji wote, nikilala dirishani kwenda na kurudi, nikiwa na moyo mwepesi. Niliona ni jambo la kupita tu. Shamba lipo, linasubiri mnunuzi.

Kwanza alituma picha kwa kampuni moja ya mnada London. Wakamjibu kwa adabu kwamba vitu vile haviwafai. Akasema picha zilikuwa mbaya. Akaazima kamera nzuri zaidi akatuma kwa wengine, nao hawakujibu kabisa. Ndipo akaamua kwenda kwa mfanyabiashara wa bunduki mwenye duka katika mtaa wa zamani wa mafundi wa bunduki, nyuma ya barabara kuu za mjini, mtu ambaye Mzee alikuwa akimtaja kwa heshima. Akaniomba nimsindikize. Nafikiri alitaka niwepo siku ya neema.

Duka lilikuwa dogo, lenye harufu ya mafuta ya kitani. Mwenyewe alikuwa Mwingereza mzee, mrefu, aliyevaa aproni ya ngozi. Alitupa pole kwa msiba. Akasema alimfahamu Mzee, kwamba aliwahi kumuuzia skrubu na vipande vya mti wa kutengenezea vitako. Kisha akatandaza blanketi mezani, akachukua bunduki moja baada ya nyingine. Alizichungulia ndani ya mitutu akiielekeza dirishani. Akaingiza kipimo chenye mkono mrefu, akakivuta polepole, akatazama mshale, akaandika. Alipitisha kidole gumba juu ya nakshi. Mume wangu alikuwa akimweleza kila moja, hii Mzee aliinunua hali gani, hii kitako chake kilikuwa kimevunjika, na mwenye duka akaitikia kwa kichwa tu.

Alipomaliza alivua miwani. Akatuambia kazi ya Mzee ilikuwa safi sana. Akasema hivyo mara mbili, na mara ya pili nikaanza kuogopa.

Akatufafanulia taratibu, kama daktari. Watu wanaonunua bunduki za zamani kwa bei kubwa, alisema, wananunua uzee wenyewe. Wanataka rangi ileile ya kwanza hata kama imefifia, nakshi zilezile zilizokatwa na fundi wa kwanza, kitako kilekile hata kama kina mikwaruzo. Mzee alikuwa ameviondoa vyote hivyo. Alipiga msasa mpaka nakshi zikalainika, akapaka chuma rangi mpya, akachonga vitako vipya. Na mitutu alikuwa ameisugua kwa ndani ili kuondoa mashimo ya kutu, tena na tena, mpaka kuta zake zikawa nyembamba. Nne kati ya zile hazikuwa salama tena kupigwa, na hapa Uingereza bunduki ambayo mtutu wake haufikii kipimo haiuzwi. Ni kosa kuiuza.

Mume wangu akauliza, “Unataka kuniambia angeziacha na kutu yake zingekuwa na thamani zaidi?”

“Baadhi yake, ndiyo,” akajibu yule Mwingereza. “Samahani. Ningependa kukuambia kitu kingine.”

Bei aliyoitaja kwa zile saba zilizobaki ingeweza kununua gari kuukuu la kutupeleka sokoni na kuturudisha. Mume wangu alizikusanya bunduki akazitia kwenye mifuko yake. Garini aliniambia yule Mwingereza ni mwizi, anatuona sisi wageni hatujui kitu. Nikamuunga mkono. Nilitaka iwe hivyo.

Tulikwenda kwa wengine wawili, mmoja nje kabisa ya mji, upande wa mashamba. Wa kwanza alisema yaleyale kwa maneno machache. Wa pili hakumaliza hata kuzipima, akatania kwamba zimesuguliwa kama vijiko vya hoteli. Mume wangu akamjibu vibaya tukatolewa dukani. Njiani kurudi alisimamisha gari kando ya barabara akakaa ameshika usukani. Nikamwambia Mzee alifanya kwa mapenzi. Akasema, “Najua. Ndiyo ubaya wake.” Kisha akaliwasha gari.

Tangu hapo alianza kunitoka mikononi. Yule mwenzake wa gereji alipiga simu mara kadhaa, kisha akaacha, na tukasikia amepata mtu mwingine. Mume wangu hakukasirika hata. Alikuwa mtu wa kuamka mapema na kufunga kilemba chake mbele ya kioo kwa utaratibu, akivuta kitambaa kwa meno, na mimi nilizoea kumshikia ncha ya upande wa pili. Sasa alikaa na nywele zake zimefungwa ovyo kwenye kitambaa kidogo kama cha kulalia, siku nzima. Aliacha kwenda gurudwara, hekalu la Masingasinga. Alisema kule watamuuliza. Chakula nilichomwachia nilikikuta kimefunikwa vilevile nilivyokifunika.

Kitu alichokuwa akifanya ni kimoja tu. Alipanda chumba kile cha juu, akafungua kabati, akatoa bunduki na kukaa nazo. Nilimkuta hivyo nikirudi kutoka kazini mchana, amekaa kwenye kiti cha Mzee, moja iko mapajani, macho yako ukutani. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema anazitia mafuta. Hapakuwa na mafuta wala kitambaa.

Nilimwomba twende kwa daktari. Akaniuliza daktari atampa nini, kiwanda? Nilimpigia shemeji yangu anayekaa Perry Barr, akaja akanywa chai, wakaongea juu ya kriketi, akaondoka akaniambia kaka yake anahitaji kupumzika tu. Labda kweli hakuona. Mume wangu alijua kujikusanya mbele ya watu.

Binti yetu mkubwa alikuwa amekwenda chuo mji mwingine. Mdogo alikuwa bado shuleni, na ndiye aliyenifungua macho. Alinifuata jikoni nikikata vitunguu, akanyoosha mkono wake. Alikuwa amevaa bangili ya chuma ya baba yake, ile ambayo Singasinga haivui, na ambayo mimi sijawahi kuiona ikitoka mkononi mwa mume wangu tangu tuoane, hata alipovunjika kifundo cha mkono. Ilimpwaya mpaka kwenye kiwiko. Akaniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba baba amempa na kumwambia amtunze mama.

Niliweka kisu chini. Nilikumbuka mambo ambayo nilikuwa nimeyaacha yapite. Wiki hiyo alikuwa amempa jirani sanduku lake la spana, lile alilolipigania siku kiwanda kinafungwa. Alikuwa amenionyesha jinsi ya kuwasha boila ya kupashia nyumba joto ikizimika, mimi ambaye kwa miaka yote hiyo alinikataza kuigusa. Na alikuwa amenionyesha droo yenye karatasi za bima, akasema tu, “Ili ujue.” Mimi nilishukuru. Nilidhani ameanza kurudi duniani.

Sikumwambia binti kitu. Nilimtuma kwa rafiki yake nikapanda ngazi. Mume wangu alikuwa amekaa palepale, kabati liko wazi.

Nikamwambia, “Nipe ufunguo.”

“Huna leseni,” akanijibu. “Watakufunga.”

“Acha wanifunge. Nipe.”

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayemkatalia mtoto peremende. Nilipiga magoti mbele yake, na nikamuuliza lile swali ambalo nilikuwa nikilikimbia. Nilimuuliza kwa Kiswahili, waziwazi, bila kulizungusha.

“Unataka kujiua?”

Mtaani gari la aisikrimu lilikuwa linapita na muziki wake, na baridi yote ile. Kisha akasema, “Sijui.”

Angesema hapana ningemwamini, na angesema ndiyo labda ningepiga kelele. Nilikaa naye pale chini mpaka akasimama mwenyewe, akarudisha ile bunduki kabatini, akafunga, akatia ufunguo mfukoni mwa shati. Nilihesabu hilo kuwa neema, lakini nilijua ni neema ya jioni moja tu.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilimwomba mama mmoja wa gurudwara, mwanamke mzima asiyeuliza maswali, aje akae naye kwa kisingizio cha kuleta maharagwe na roti, nikapanda basi kwenda kwa yule Mwingereza wa aproni ya ngozi. Sikujua mtu mwingine wa kumwendea ambaye jambo la bunduki lingekuwa lake. Njiani nilipanga maneno. Nilikusudia kumwambia azinunue zote leo, kwa bei yoyote, hata bure, aje achukue.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akafunga mlango wa duka na kugeuza kile kibao cha kusema pamefungwa, akanivutia kigoda. Aliniambia hawezi kuja kuchukua bunduki za mtu ambaye hajaamua kuziuza. Sheria haimruhusu, na hata ingemruhusu, mume wangu angemfukuza. Kisha akasema kwamba lazima niwapigie polisi, ofisi ileile ya leseni, na niwapigie sasa, kabla sijatoka mle dukani.

Nikamwambia watamnyang’anya leseni. Watakuja na magari na majirani wataona. Hatanisamehe.

“Huenda asikusamehe,” akasema. “Nilikuwa na mteja aliyekaa palepale ulipokaa. Niliona kitu usoni mwake nikajiambia hainihusu. Mke wake angependa leo awe hai na amekasirika.”

Akasukuma simu yake juu ya meza. Sikuwahi kupiga simu nzito kama ile. Yule askari mwenye sauti ya upole ndiye aliyepokea, na nilipomweleza hakunikatiza. Aliuliza mume wangu yuko wapi sasa hivi na nani yuko naye. Akaniambia niende nyumbani, nisimwambie kitu, atakuja mwenyewe. Nikamwomba asije na watu wengi. Akasema atajaribu. Yule mzee wa duka akamwambia kwenye simu kwamba naye atakuja, kwa sababu yeye ana ruhusa ya kuzihifadhi, na kwamba zikikaa dukani kwake ni afadhali kuliko kuwekwa stoo ya polisi.

Walikuja mchana ule. Askari alikuwa na mwenzake mmoja tu, na gari lao halikuwa na alama, kwa hiyo jirani yeyote angedhani ni watu wa gesi. Mume wangu alipowaona sebuleni alinitazama. Hakuuliza ni nani aliyewaita. Yule askari akaketi kwenye kochi karibu naye, wala hakusimama juu yake, akamwambia watu wanaompenda wana wasiwasi, na kwamba angependa bunduki zikae mahali pengine kwa sasa. Alisema “kwa sasa”, na sote tulijua maana yake.

Nilitegemea ugomvi. Mume wangu alitia mkono mfukoni akatoa ufunguo. Wakapanda juu. Mimi nilibaki chini ya ngazi, nikisikia sauti yake. Alikuwa akikabidhi moja moja, na kila aliyoitoa aliitajia habari zake: hii Mzee aliikuta haina kitako kabisa, hii aliitengenezea springi mwenyewe kwa tupa, hii ndiyo aliyoifanyia kazi mwaka wa harusi ya binti yake. Yule mzee wa duka alimjibu kila mara, kwa sauti ya chini, na hakumharakisha. Walishuka na mifuko mirefu mikononi wakaipakia kwenye gari la duka.

Mlango ulipofungwa, mume wangu alikaa kwenye ngazi.

“Umeniita mwendawazimu mbele ya serikali,” akaniambia.

Nikamjibu kwamba nimemwita mume wangu. Hakucheka wala hakulia. Alipanda juu akalala, na siku iliyofuata askari yule akamsindikiza kwa daktari, kwa kuwa alikuwa amemfanya aahidi hivyo.

Ningependa kuandika kwamba mambo yalikuwa mema baada ya hapo. Hayakuwa. Daktari alimlaza hospitalini majuma kadhaa, katika wodi yenye madirisha yasiyofunguka, na nilipomtembelea alikuwa akigeukia ukutani. Shemeji yangu wa Perry Barr alinipigia simu kunieleza kwamba nimeivunjia heshima nyumba yao, kwamba mwanamke wa kwao asingefanya hivyo. Nilimsikiliza mpaka akachoka. Nilikuwa nimekwisha kusema ndani yangu kwamba wakitaka kunirudisha Nakuru nitarudi, ila huyu mtu atakuwa anapumua. Binti mdogo alianza kulala chumbani kwangu, ameivaa ile bangili, ameizungushia kitambaa isimpwaye.

Leseni ilifutwa, kama nilivyojua. Maana yake bunduki hazingeweza kurudi nyumbani, na zilikuwa lazima ziuzwe. Mtu anayelazimika kuuza hapangi bei. Yule mzee wa duka alifanya alichoweza. Alikuja kutueleza, mume wangu akiwa ameruhusiwa kutoka na amekaa kwenye kochi na blanketi. Alisema wakusanyaji hawatazitaka kamwe, lakini wakulima na watu wa kwenda kuwinda kwa mvua hawajali nakshi, wanajali kitu kinachofunga vizuri na kulenga sawa, na zile saba za Mzee zinafunga kuliko nyingi alizowahi kuuza. Akaziuza mojamoja, mwaka mzima. Kila alipouza moja alipiga simu kumwambia mume wangu imekwenda kwa mtu wa aina gani. Mume wangu alianza kwa kumsikiliza tu. Baadaye nikamsikia akiuliza: ana mikono mirefu? Kitako hakimtoshi huyo, mwambie akiongezee.

Fedha yenyewe iliweka boila mpya na kumlipia binti mkubwa pango la chuo kwa muda. Gereji ilibaki hadithi.

Zilibaki zile nne ambazo mitutu yake ilikuwa imekwisha. Sheria haikuruhusu ziuzwe, na yule mzee akasema lazima zikatwe vipande. Alitaka ruhusa ya mume wangu kwa sahihi. Mume wangu akasema hatatia sahihi, atakwenda mwenyewe. Niliogopa mno. Nilimpigia yule askari wa leseni, naye akazungumza na mwenye duka, wakakubaliana kwamba mume wangu azikate huku mwenye duka amesimama kando yake, na kusiwe na risasi hata moja katika chumba kile.

Nilimsindikiza. Asubuhi hiyo alifunga kilemba, cha kwanza kwa miezi mingi, na alipovuta kitambaa kwa meno nilisimama nyuma yake nikashika ncha, na hakuniambia niiache. Dukani, yule mzee alikuwa amekwishavitenga vitako pembeni. Mtutu wa kwanza ulikuwa umebanwa kwenye jiliwa. Mume wangu akauzunguka akautazama. Alikuwa mtu wa kukata chuma maisha yake yote, na msumeno aliushika kwa mazoea. Alikata. Vumbi la chuma lilidondoka kwenye aproni aliyoazimwa. Mtutu ulipoachana alichukua kipande akakigeuza, akatazama ukuta wake uliokuwa mwembamba kama ganda la yai upande mmoja.

“Ona alivyousugua,” akaniambia. “Alikuwa haoni vizuri mwishoni. Alikuwa anapima kwa kidole.”

Hapo ndipo alipolia. Alilia huku akibana mtutu wa pili, na yule Mwingereza akajifanya anatafuta kitu kwenye rafu. Nilitaka kwenda kumshika lakini nilijizuia, kwa sababu alikuwa anaendelea kukata, na niliona kwamba kuendelea kule ndiko kulikomsimamisha. Alimaliza zote nne. Hakutaka kuchukua kipande chochote. Vitako vitatu vilikuwa vizuri, akamwachia yule mzee avitumie kwenye bunduki nyingine.

Baadaye alipata kazi ya kuendesha basi dogo la watoto wa shule wasioweza kutembea, na akaipenda kuliko alivyotarajia. Kuna majira ambapo kiza kile kinamrudia, hasa siku zinapofupika. Ninaziona dalili mapema sasa, naye huniambia mwenyewe, kwa neno lilelile la “sijui”, nami najua nipige simu wapi. Kuhusu siku ile ya askari hatukuwahi kuzungumza kwa kirefu. Mara moja tu, tukitoka kununua samaki Kings Heath, mifuko imetujaa mikononi, alisema bila kunitazama kwamba siku ile nilipopiga magoti alikuwa amekwishaamua, na kwamba nilipomuuliza kwa Kiswahili alishindwa kunidanganya. Taa ya kuvukia ikawaka. Tukavuka.